Barua ya wazi kwa wanaosaini tathmini zetu: mwacheni mtumishi aielezee kazi yake mwenyewe

Kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri, Waganga Wakuu wa Wilaya, Waganga Wafawidhi, wauguzi wakuu, maafisa utumishi, na kila ambaye jina lake linasomeka kama msimamizi kwenye tathmini ya mtumishi mwingine.

YAH: KUMPA MTUMISHI NAFASI YA KUSHIRIKI TATHMINI YAKE

Ndugu viongozi wangu, shikamooni mlionizidi umri, na habari za kazi kwenu rika zangu na wadogo zangu.

Mimi ni muuguzi mkunga. Niliajiriwa mwaka 2000, na tangu 2011 ni inchaji, yaani kiongozi, wa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya. Nimetathminiwa na nimetathmini. Ninachowaandikia leo kinaanza na kosa nililolifanya mimi.

Juni ya mwaka mmoja, enzi za OPRAS, mfumo wa zamani wa kutathmini watumishi wa umma hapa Tanzania, tuliambiwa fomu zote ziwe zimefika ofisi ya utumishi Ijumaa. Taarifa ilinifikia Jumatano jioni. Wauguzi niliokuwa nawasimamia walikuwa 14: wanne wako zamu ya usiku, wawili likizo, mmoja amejifungua. Nikazibeba fomu nyumbani, na baada ya kula nikazijaza zote. Malengo niliandika mimi, utekelezaji niliandika mimi. Alama ambayo mtumishi anatakiwa kujipa, nikampa. Alama ya msimamizi, nikaweka. Na ile ya tatu, ya makubaliano, nayo nikaiandika, kana kwamba tulikaa watu wawili mezani tukaelewana. Kesho yake nikapita wodini kukusanya saini. Walisaini wamesimama, wengine fomu wameiegemeza kwenye troli ya dawa. Hakuna aliyesoma wala aliyeuliza.

Kati ya fomu zile ilikuwamo ya binti mmoja aliyekuwa na miaka mitatu kazini. Mwaka ule, usiku mmoja, yeye na mhudumu wa afya mmoja tu, alimzalisha mama ambaye mtoto wake alitoka hajalia. Alimpumulisha mtoto huku akimwelekeza mhudumu namna ya kulikanda tumbo la mama aliyekuwa ameanza kutokwa damu nyingi, mpaka daktari alipofika. Mama na mtoto waliruhusiwa wakaenda nyumbani. Kwenye fomu yake mimi niliandika: "Kutoa huduma bora kwa wajawazito." Maneno hayo hayo niliwaandikia na wenzake 13.

Baada ya miezi michache aliomba uhamisho. Siku ya kuaga aliniambia, "Sista, miaka yote hii niliyokaa hapa, sijui hata mnanionaje kazini." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana sijaweza kuisahau sauti yake.

Waliotangulia kazini wanakumbuka tulikotoka. Nilipoajiriwa, mtumishi alikuwa anaandikiwa taarifa ya siri. Mkubwa wako anakaa peke yake, anaandika anavyokuona, na karatasi inakwenda bila wewe kujua imesema nini. Unaweza kukosa cheo na usijue ni neno gani lililokukosesha. Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002 na kanuni zake za 2003 ndizo zilizofungua mlango, na Julai 2004 ikaletwa OPRAS, ambayo kwa Kiswahili iliitwa Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi. Neno "wazi" lilikuwa na kazi yake pale. Malengo yalitakiwa kukubaliwa na wote wawili mwaka wa fedha unapoanza. Desemba mnaangalia mlipofika, mnarekebisha kama hali imebadilika. Juni mnafunga hesabu. Mtumishi anajipa alama, msimamizi anatoa yake, kisha mnakaa kutafuta alama ya makubaliano. Palikuwa hata na nafasi ya mtu wa tatu kushuhudia na kuandika maoni yake, na nakala moja ya fomu ilikuwa haki ya mtumishi mwenyewe. Mimi kwa usiku mmoja niliyarudisha yote hayo kwenye bahasha ya siri, tofauti tu ni kwamba safari hii mtumishi alisaini.

Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 tumeingia kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta uliochukua nafasi ya OPRAS. Mtumishi anaingia mwenyewe, anaandika majukumu yake, msimamizi anayathibitisha, kisha utekelezaji unawekwa kadiri kazi inavyokwenda badala ya kusubiri Juni. Nimeupokea mfumo huu kwa moyo wote, kwa sababu kumbukumbu haipotei kabatini na tarehe zinaonekana. Lakini kosa langu la ile Jumatano linawezekana kufanyika kwenye kompyuta vilevile, tena kwa haraka zaidi. Nimeshuhudia kituo ambako kijana mmoja anayejua mambo ya simu amekabidhiwa namba na nywila za wenzake kumi, anawajazia usiku kucha, ananakili sentensi za mmoja na kuwabandikia wote. Asubuhi taarifa inapanda juu: tumekamilisha kwa asilimia 100.

Hapo ndipo ninapowaomba mtulie na mnisikilize. Asilimia hiyo ndiyo inayotuharibia. Ninyi mnaulizwa na walio juu yenu ni wangapi wamejaza, nanyi mnatuuliza sisi ni wangapi wamejaza, nasi tunatafuta njia ya kujaza. Orodha ya majina ya "wasiojaza" inabandikwa kwenye kundi la WhatsApp la watumishi wote, na mtu aliyetoka zamu ya usiku saa 1:30 asubuhi anaamka saa 8 mchana anakuta ameaibishwa. Swali la wangapi wamekaa na wasimamizi wao, kwa muda gani, na nini kilibadilika baada ya kukaa, halijawahi kunifikia tangu nianze kuongoza wodi. Mkianza kuliuliza hilo, wodini mambo yatabadilika bila hata waraka mpya.

Niwaeleze nilichojaribu, maana sitaki kulalamika tu. Mwaka uliofuata ile Jumatano ya fomu, wiki mbili kabla ya mapitio ya Desemba, nilimpa kila muuguzi karatasi yenye maswali matatu kwa mwandiko wangu. Zamu gani mwaka huu hutaisahau, na ulifanya nini? Kazi gani ilikushinda, na kwa nini ilikushinda? Unataka nini kutoka kwangu? Nikawaambia waje na majibu, hata ya mdomo. Ofisi sina, kwa hiyo tulikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, viti viwili, mlango umefungwa.

Wale watatu wa kwanza waliniambia "kila kitu kiko sawa, sista", na dakika tano zikawa zimetosha. Nilirudi nyumbani nimekata tamaa. Usiku nikafikiri: mimi kwao ndiye ninayepanga rosta, ninayeruhusu dharura, ninayepeleka jina la nani aende semina. Nani atanifungulia moyo kwa karatasi moja? Kesho yake nilianza mimi. Nilimwambia wa nne malengo yangu mwenyewe kama inchaji, na kwamba lile la kutoa rosta wiki moja kabla nimelishindwa miezi mitatu mfululizo, na nikamweleza sababu. Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikoniwia vigumu kuliko yote. Sisi wasimamizi tumezoea kujaza kila kimya kwa maelekezo.

Huyo wa nne ndiye aliyenifundisha maana ya tathmini. Lengo lake lilikuwa kwamba mtoto yeyote anayezaliwa bila kupumua aanze kusaidiwa ndani ya dakika ya kwanza, ile tunayoiita dakika ya dhahabu. Aliinama akasema mwaka ule alichelewa mara mbili. Nikamuuliza kwa nini. Akakaa kimya, halafu akasema: "Sista, usiku ambu inafungiwa kabatini tangu vile vifaa vilipopotea. Ufunguo uko kwako."

Ambu ni kile kifaa cha mkono cha kumpumulisha mtoto, na ufunguo wa kabati lake ulikuwa kwangu kweli. Nililifunga mimi, kwa nia njema ya kulinda mali ya serikali, na kila mmoja wodini alijua isipokuwa mimi kwamba zamu ya usiku inapoteza dakika kumtafuta mlinzi aniite au kukimbilia chumba cha upasuaji kuazima. Kama ningejaza fomu yake peke yangu, Juni ningempa 4, alama mbaya (1 ndiyo ya juu kabisa, 5 ya chini kabisa), na ningeandika "aongeze bidii". Jioni ile ile ambu ilitundikwa ukutani kando ya kitanda cha mtoto, na tukaandika kwenye daftari la kukabidhiana zamu kwamba ihesabiwe kila zamu. Haijapotea hadi leo.

Ndugu zangu, tafadhali lifikirieni jambo hili kwa uzito wake. Ripoti zetu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zinawaambia watoto wangapi wamezaliwa na wangapi wamefariki. Haziwaambii ufunguo uko mfukoni mwa nani. Anayejua ni mtumishi, na mahali palipotengwa kisheria, mara kadhaa kwa mwaka, ili aseme bila kuonekana mchongezi ni kwenye tathmini yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nilikuwa sijalala kwenye kile cha usiku kwa miaka minne.

Mtaniambia watumishi wenyewe hawataki kushiriki. Ni kweli kwamba wengi hujibu kwa mkato, na nimejitahidi kuelewa sababu. Iliyo kubwa ni malezi. Sisi tumekua tukiambiwa mtu hajisifii. Kazi yako wataisema wengine. Ukimpa muuguzi wa miaka 25 nafasi ya kujipa alama mbele ya mkubwa wake, atajipa 3 hata kama amefanya kazi ya 1, kwa sababu kujipa 1 kwake ni utovu wa adabu. Na yule asiye na haya atajipa 1 kwa kila kitu. Hivyo alama za kujipa zinatupotosha pande zote mbili. Ndiyo maana mimi huanza na tukio, alama huja mwisho. Mtu anayeona aibu kusema "mimi ni hodari" haoni aibu kueleza kilichotokea usiku wa mvua kubwa umeme ulipokatika. Akishaeleza, tunafungua pamoja kitabu namba 12 cha MTUHA, kile cha wodi ya wazazi, na partografu (chati za kufuatilia uchungu) za siku hiyo, tunaona, na alama inajitokeza yenyewe bila mtu kujisifu.

Lugha nayo imewanyamazisha wengi. Fomu za OPRAS tulizoletewa sisi zilikuwa za Kiingereza. Nilikuwa na mhudumu wa afya, mama mtu mzima, hodari kuliko wengi wetu katika usafi wa vyumba vya kujifungulia, aliyejipa 5 kila mahali akiamini 5 ni zaidi ya 1. Ilipita miaka miwili kabla mtu hajamweleza. Mtumishi kama huyo anahitaji kukaa na mtu atakayemsomea kipengele kwa Kiswahili, amwambie kinauliza nini, kisha aandike maneno ya mhudumu kama alivyoyasema. Kumsaidia kuandika ni jambo jema. Kumwandikia bila yeye kuwepo ni jambo lingine kabisa, na naomba mlikataze kwa barua, pamoja na tabia ya kukusanya nywila za watu.

Hofu pia ipo, na ni hofu yenye msingi. Mtumishi aliyesema kwenye mapitio kwamba glovu huisha katikati ya mwezi, wiki ijayo akajikuta amehamishiwa zahanati ya mbali bila maelezo, amewafundisha wenzake 50 kunyamaza. Hata kama uhamisho ule ulikuwa umepangwa siku nyingi, hakuna atakayeamini. Nawaomba wakurugenzi mtamke wazi, kwenye mabaraza ya wafanyakazi na mbele ya wawakilishi wa TUGHE, chama chetu cha wafanyakazi, kwamba kilichosemwa kwenye tathmini hakitamwadhibu aliyekisema, na kwamba anayepinga alama yake ana mtu wa ngazi ya juu wa kumwendea, anayetajwa kwa cheo, tena siye yuleyule aliyempa alama.

Kuna la muda, na hili nimelipigia hesabu. Sasa nasimamia watu 19. Nikikaa na kila mmoja dakika 40, ni dakika 760, chini ya saa 13. Siku mbili za kazi hazijatimia. Nikifanya hivyo mara mbili kwa mwaka ni siku nne. Mganga Mfawidhi anaweza kunipa siku nne katika mwaka mzima, zikaingia kwenye rosta kama zinavyoingia kliniki na semina, na mwenzangu akashika wodi. Asiponipa, nitazifanya kwa kuiba dakika kumi kumi kati ya mama anayelia na ndugu wanaogonga mlango, na ninyi mnajua mazungumzo ya namna hiyo yanazaa nini. Watumishi nao wapewe muda wao ndani ya saa za kazi, na kompyuta moja ya wodi yenye mtandao, kwa sababu leo wengi wanajaza kwa simu zao na bando lao wakiwa nyumbani na watoto.

Halafu kuna Julai, mwezi wa kuweka malengo. Tunaambiwa malengo ya mtumishi yatokane na mpango wa taasisi, lakini muuguzi wa zamu hajawahi kuuona Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, achilia mbali kuulizwa wakati unaandaliwa. Anawezaje kuandika lengo linalotokana na karatasi ambayo hajaisoma? Ananakili la mwaka jana. Nawaomba Waganga Wakuu wa Wilaya mtuletee ukurasa mmoja tu unaosema wodi ya wazazi mwaka huu inatarajiwa kufikia wapi na fedha zilizotengwa ni za nini. Nitaubandika ukutani karibu na ratiba ya zamu, tutausoma kwenye kikao cha asubuhi, na kila mtu atachagua anapoingia. Wakikosoa mpango wenyewe, nitawaletea walichosema.

Na mkishaletewa, jibuni. Katika mambo yote ninayoomba, hili ndilo ningelichagua kama ningepewa moja tu. Mwaka juzi wauguzi wangu sita waliandika kwenye mahitaji ya mafunzo kwamba wanataka kurudia mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Nilikusanya, nikapeleka. Kimya. Mwaka uliofuata walioandika walikuwa wawili. Mwaka huu hakuna, ingawa hitaji ni lile lile. Nilipowauliza, mmoja alinijibu kwa upole, "Sista, tuliandika." Mngetujibu kwamba fedha hazipo hadi robo ya tatu, au kwamba watakwenda wawili sasa na wanne mwakani, wangeelewa, wauguzi wa wilayani tumezoea uhaba. Hawajazoea kusema na ukuta. Mstari mmoja wa maandishi ndani ya siku 30, hata kama ni wa kukataa na sababu yake, utawafanya waandike tena.

Wapo wanaoogopa kwamba mtumishi akipewa nafasi kubwa hivi, mvivu atajificha nyuma ya maelezo. Kwangu imekuwa kinyume. Nilikuwa na mmoja aliyejua kujaza fomu kwa maneno mazuri kuliko wote. Nilipomuuliza zamu asiyoisahau, hakuwa nayo. Nikamuuliza kazi iliyomshinda, akasema hakuna. Tukafungua vitabu, jina lake halikuonekana panapostahili. Nilimpa 4 na hakubisha, kwa sababu ushahidi tuliusoma wote wawili. Tulikubaliana mambo mawili ya kufanya kabla ya mapitio yanayofuata, moja alilifanya. La pili bado tunahangaika nalo.

Yule binti wa kwanza, aliyehama, sikuwahi kumwomba radhi. Nina namba yake. Kabla sijatuma barua hii nilimpigia, nikamsimulia usiku ule wa mtoto aliyezaliwa bila kulia, kama nilivyosimuliwa asubuhi yake na mhudumu, pamoja na jinsi alivyomwelekeza kulikanda tumbo la mama. Alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Kumbe ulijua?"

Nilijua, na sikuandika.

Mapitio ya wodi yangu nimeyapanga wiki ya kwanza na ya pili ya Desemba, katika chumba kile kile cha kubadilishia nguo. Namwomba Mganga Mfawidhi wangu anipangie tarehe yangu pia. Nitakuja na majibu yangu matatu yameandikwa.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mkunga,
Inchaji, wodi ya wazazi